Hopsi za Baba Mkubwa

Kwenye duka la dawa ninakofanya kazi, hapa mjini Kisii, mawakala hutuletea bidhaa tuzinuse na kuzionja kabla hatujaagiza. Juzi msichana mmoja wa mauzo alituachia pakiti ya majani ya kuchemsha, ya watu wanaokosa usingizi. Mwenzangu aliifungua, akanusa, akakunja uso. "Hii inanuka kama soksi za mwalimu wa michezo," akasema, akanisogezea puani.

Ilikuwa harufu ya nyasi zilizokatwa zikafunikwa kabla hazijakauka, na ganda la chungwa, na chini kabisa kitu kama kitunguu kilichoanza kuharibika. Kwenye pakiti walichora jani lenye vidole na meno kandokando, na karibu yake kitunda cha kijani chenye magamba laini, mfano wa tunda la msaipresi. Kitunda hicho sikuwahi kukiona maishani. Lile jani nililijua kama ninavyojua kiganja cha mama yangu. Nilimwambia mwenzangu naenda msalani, nikasimama kule nyuma kwenye maboksi mpaka aliponiita kwamba kuna wateja.

Tulizaliwa Gesima, mimi na dada yangu Kerubo, kwenye mteremko ambao ukisimama mlangoni unaona majani chai hadi macho yachoke. Baba alikufa kwa ugonjwa wa kifua nikiwa bado sijang'oa meno ya utotoni. Alituachia nyumba ya udongo yenye paa la mabati, migomba nyuma ya jiko, na shamba la bondeni, kando ya kijito, ambalo alikuwa akilima mboga. Baada ya mazishi, ng'ombe wa Baba Mkubwa, yaani kaka yake marehemu, walianza kulishwa katika shamba lile la bondeni. Hakuna aliyetuambia chochote. Tuliamka siku moja tukawakuta wamesimama katikati ya sukuma wiki za Mama.

Mama hakuwa na mtoto wa kiume. Katika boma letu jambo hilo halikuwa na haja ya kuelezwa. Nyanya yetu, tuliyemwita Magokoro, alilikumbusha kila siku kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Akipelekewa uji na Kerubo alipokea, akanywa hadi mwisho, halafu akasema, "Asanteni, wageni." Sisi tulikuwa wageni kwa sababu msichana huolewa akaondoka, na nyumba ya wageni, alisema, haihitaji shamba. Mimi kwa udogo wangu nilidhani ni jina la heshima. Wageni kwetu ndio huchinjiwa kuku.

Kitu kimoja Mama alikuwa nacho: mkono. Ndivyo watu wa mlima wetu walivyosema, kwamba mke wa marehemu ana mkono wa kuotesha. Pembeni mwa nyumba alikuwa na kitalu cha miche ya chai. Alikata vipandikizi kutoka kwenye mashina mazuri, kila kimoja jani moja na kipande cha kijiti, akavichomeka kwenye viriba, vifuko vya plastiki vilivyojazwa udongo mwekundu, akavifunika kwa karatasi ya nailoni iliyoinuliwa kwa fito, na juu yake matawi ya kutia kivuli. Miche ya wengine ilikauka nusu nzima. Yake iliota. Ndiyo iliyotulisha.

Baba Mkubwa aliishi Keumbu. Alikuwa na duka la mabati na misumari pale barabarani, pikapu nyeupe, na suti mbili za ibada. Kanisani kwetu alikuwa mzee wa kanisa. Sauti yake ilikuwa laini, haikupanda hata akikasirika, na mikono yake ilinukia sabuni ya kuogea. Jumapili moja alikuja na ndoo yenye kifuniko, akaiweka kwenye kivuli cha migomba kwa uangalifu, kama aliyebeba mayai. Magokoro alikuwa ameketi pale pale kwenye kigoda, akichambua maharagwe.

Ndani ya ndoo kulikuwa na magazeti yaliyoloweshwa, na ndani ya magazeti vipande vya mizizi. Nilichungulia nikakata tamaa. Vilikuwa kama vidole vya mtu mzee sana, vya kahawia, vyenye nywele, na hapa na pale kijicho cheupe kilichotokeza.

"Mama Kerubo," alisema Baba Mkubwa, "hivi vimetoka ng'ambo. Rafiki yangu wa Nairobi ndiye aliyevipata, na haikuwa rahisi. Vinahitaji mkono kama wako."

"Ni nini, shemeji?"

"Ni dawa. Huko nje hospitali zinaitumia kwa watu wasiopata usingizi. Hutambaa juu kama maharagwe, ila huu unapanda kushinda nyumba. Halafu ujue, mmea huu una dume na jike. Dume halina faida. Likijitokeza, ng'oa, tupa. Hapa tunataka za kike tu."

Nilirudia maneno hayo moyoni hadi nikayakariri. Kwa mara ya kwanza nilimsikia mtu mzima wa boma letu akisema kwamba wa kike ndio wanaotakiwa. Nilimtazama Magokoro nione kama amesikia. Alikuwa amesikia. Alitema ganda la haragwe, akaendelea na kazi.

Mama aligeuza kipande kimoja kiganjani. "Nikiotesha?"

"Ukiotesha na kunizidishia, shamba la bondeni ni lako na watoto wako. Nitasimama mbele ya wazee niseme hivyo. Mama yangu huyu hapa ni shahidi."

Magokoro hakuinua macho.

Kisha Baba Mkubwa alichuchumaa mbele yangu, akanishika mashavu. "Na wewe, mama mdogo, unajua kutunza siri? Watu wa hapa wakijua tutaibiwa. Mtu akikuuliza, hujui. Hata mimi mwenyewe ukinisikia mbele za watu nikisema sijui, ujue ni ile siri yetu. Sawa?"

"Sawa, Baba Mkubwa."

Alinipa mkate mzima, wangu peke yangu. Niliwaza kwamba labda siku moja angehamia kwetu awe baba.

Mama alivilaza vile vipande kwenye tuta dogo nyuma ya nyumba, macho yakielekea juu, akavifunika kwa udongo wa msituni uliochanganywa na mchanga wa mtoni. Mchanga niliubeba mimi, kwa sufuria kuukuu, kutoka bondeni, nikipita katikati ya ng'ombe. Wiki za mwanzo hazikuleta kitu. Mvua ilikuwa nyingi mwaka ule, na Mama alipofukua kidogo kwa kidole alikuta vipande kadhaa vimeoza, vimekuwa ute wenye uvundo. Alikaa chini matopeni na nguo yake ya kanisani, hakulia, akawa anavinusa kimoja kimoja kama anayetafuta kosa lake ndani yake. Vilivyobaki alivihamishia mahali penye mwinuko, akavitengenezea mfereji.

Chipukizi la kwanza lilitokeza asubuhi yenye ukungu. Lilikuwa na rangi ya zambarau, limeinamisha kichwa. Baada ya hapo sikuwahi kuona mmea wenye pupa kama ule. Ulizunguka kamba tulizoufungia, siku zote ukizungukia upande mmoja, na ukiugeuza uelekee upande wa pili ulijinasua wenyewe ukarudi. Shina lake lilikuwa na vimiiba vidogo ambavyo jicho halikuviona ila ngozi ilivijua. Mikono ya Mama ilichanika mistari myekundu hadi kwenye viwiko, na maji ya kuoshea vyombo yalipoigusa alikuwa akinyonya hewa kwa meno.

Machipukizi yalipofika urefu wa mtu mzima, alianza kuyakata apate miche zaidi. Hapo ndipo nilipouona mkono wake vizuri. Alichagua shina lililokuwa laini bado, akalikata vipande vya pingili mbili mbili, akapunguza majani yabaki nusu ili yasinywe maji yote, akachovya ncha kwenye utomvu wa alovera, akachomeka kwenye viriba. Nailoni juu, matawi ya kivuli juu ya nailoni. Asubuhi ndani yake kulikuwa na joto na matone, na ile harufu.

Alibadilika. Alikuwa mpole huko nyuma, lakini sasa viriba vile vilikuwa shamba la bondeni, na sisi tulikuwa watu wa kuvikanyaga. Kuku wa Magokoro walifunguliwa kila siku upande wetu, hata siku ambazo hawakuwa na sababu ya kufunguliwa. Mama alipokuwa akienda kuchuma chai ya watu, alimwacha Kerubo alinde. Kerubo alikuwa darasa la nane. Kwanza alikosa siku moja moja, kisha akakosa majuma. Mwalimu wake alipita kuuliza, Mama akajibu kwamba msichana anaumwa. Kerubo alisimama nyuma ya mlango na fimbo ya kufukuzia kuku, akisikia ugonjwa wake.

Siku moja nilivuta kijiti kimoja kutoka udongoni nione kama kina mizizi. Kilikuwa nayo, nyuzi nyeupe kama za viazi vitamu vya kuchemsha, na nilifurahi nikakimbia nacho kumwonyesha Mama. Alinichapa kwa jembe, upande wa mpini, mgongoni, na tena, hadi Kerubo akaja kunikinga. Baadaye alinipaka mafuta ya kupikia mahali palipovimba. Hakusema samahani. Alisema, "Hicho kilikuwa hatua yako moja ya shamba."

Lakini lipo jambo jingine la siku zile ambalo siwezi kuliacha. Mama hakuwa akilala vizuri tangu msiba. Nami nilikumbuka Baba Mkubwa alisema ile ni dawa ya usingizi. Nikaokota majani yaliyoanguka, nikayapanga ndani ya foronya yake, nikanyamaza. Asubuhi aliamka na shavu moja limevimba lote, limejaa upele mwekundu. Alitoa majani mle ndani, akayatazama, akanitazama. Nilijikunyata nikingoja kipigo. Badala yake alianza kucheka, akacheka hadi akaketi kitandani, akanivuta akaniegemeza kwenye lile shavu la moto. Sikumsikia tena akicheka hivyo.

Wiki hiyo hiyo kijana wa jirani aliyekuwa akisomea kilimo chuoni alirudi likizo. Alikuwa akikata njia nyuma ya nyumba yetu, akasimama, akashika jani, akalifikicha na kulinusa.

"Haa! Mama Kerubo, umepata wapi hopsi?"

"Umesema nini?"

"Hopsi. Hii ndiyo inayotia bia uchungu. Soma hata kwenye chupa, imeandikwa." Alicheka kwa furaha ya mtu aliyekutana na kitu cha darasani porini. Hakuwa na ubaya. Alikwenda zake, na kicheko chake kikamtangulia kuteremka mlima.

Nilimwona Mama akikaa juu ya jiwe la kufulia. Alitazama vile viriba, safu kwa safu, vyote vimeshika mizizi, majani yake yakisukuma nailoni. "Pombe," alisema. Alilisema kwa Kigusii, *amarwa*, polepole, kama anayelisoma. Alimtuma Kerubo Keumbu siku ile ile akamwite Baba Mkubwa. Kerubo alirudi akasema amemkuta dukani, na amesema yuko kazini, wataonana Sabato.

Sabato tulivaa vizuri kama kawaida. Baada ya ibada walitangaza kwamba washiriki wote wabaki. Mchungaji alikuwa kwenye kanisa lingine siku hiyo, kwa hiyo aliyeketi mbele, kwenye kiti cha kati, alikuwa Baba Mkubwa. Nilifurahi. Nilimwambia Kerubo, "Afadhali ni yeye." Kerubo alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili.

Mama aliitwa asimame. Karani wa kanisa alieleza kwamba habari zimefika kuwa nyumbani kwa dada huyu kuna kitalu cha mmea wa kutengenezea bia. Minong'ono ilipita upande wa wanawake kama upepo kwenye mahindi makavu. Mama mmoja nyuma yetu alisema, wala hakujitahidi kushusha sauti, "Si mnaona hata uso? Umevimba kwa kunywa."

"Mama Kerubo," alisema Baba Mkubwa kwa ile sauti yake laini, "sisi kama familia tumehuzunika sana. Mimi nilipopita pale nilidhani ni maua ya kupamba nyumba. Hebu liambie kanisa uliyatoa wapi."

Mama alimtazama. Aliinua kichwa kidogo, jinsi unavyofanya unapodhani hukusikia vizuri.

"Shemeji. Si ni wewe uliyeniletea?"

"Mimi?"

"Kwenye ndoo. Jumapili. Ukasema ni dawa."

"Mama Kerubo, nakuomba kwa upole. Dhambi ya pombe ni dhambi moja. Usiiongezee ya uongo."

Na hapo alinitazama mimi. Ni kweli alinitazama, nakumbuka miwani yake ilivyong'aa. Nami nilielewa mara moja. Ile siri! Si aliniambia kwamba mbele za watu atasema hajui? Nilikaa wima, nikafunga mdomo, nikamtikisia kichwa kidogo kumjulisha kwamba na mimi ninaitunza. Niliona vile Mama alivyosahau mpango, na nikaona aibu kwa niaba yake.

Mama aligeuka upande wa wazee. "Mama," alimwita Magokoro, "wewe ulikuwepo. Ulikuwa ukichambua maharagwe. Waambie."

Magokoro aliinuka kwa fimbo yake.

"Mimi ni mzee," alisema. "Macho haya hayaoni vizuri. Ila tumbo langu nalijua. Mwana niliyemzaa hawezi kuleta pombe nyumbani. Huyu aliolewa tu. Siwezi kujua alikuja na nini."

"Ni yeye!" Kerubo alikuwa amesimama juu ya benchi. "Ni Baba Mkubwa! Alileta kwa pikapu! Niliona!"

Mama mmoja alimvuta kwa nyuma ya gauni, akamkalisha kwa nguvu, akamfinya paja na kuendelea kumfinya huku akitazama mbele kama anayesikiliza mahubiri. Mimi nilimkasirikia Kerubo. Nilimnong'oneza, "Umeharibu siri."

Waliomba wanaokubali Mama aondolewe ushirika wainue mikono. Wanawake aliowahi kuwapa miche waliinua. Kijana wa chuoni alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Hakuinua, wala hakufungua mdomo. Mama alibaki amesimama mpaka mikono ilipohesabiwa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aketi, kisha akatuchukua, tukatoka kwa mlango wa pembeni. Njiani nilimuuliza ni lini Baba Mkubwa angekuja kuwaeleza watu ukweli. Kerubo alinizaba kofi. Mama aliendelea kutembea.

Alikuja Jumatatu. Alikuja na vijana wawili, pikapu imerudishwa nyuma hadi kwenye kitalu. Kanisani alikuwa ameahidi kwamba ataiteketeza ile mimea kwa mkono wake, nyumba ya ndugu yake isafike. Vijana walibeba viriba kimoja kimoja, polepole, wakivipanga wima ndani ya masanduku, na Baba Mkubwa aliwaelekeza wasivunje vichwa. Kisha walifukua mizizi mama kwenye tuta, wakaifunga kwa magunia yenye maji. Vyote vikafunikwa kwa turubai. Baadaye alirundika fito, nailoni na matawi makavu ya kivuli, akavimwagia mafuta ya taa, akawasha. Moshi mweusi ulipanda hadi ng'ambo ya bonde, na kila aliyeuona alisema bwana yule ni mtu wa neno lake.

Mama alisimama mbele ya pikapu. "Shemeji, chukua. Nimeotesha. Nilichoahidi nimefanya. Shamba je?"

"Shamba gani, Mama Kerubo?"

"La bondeni. Ulisema."

"Nilisema tutaona. Sasa tumeona." Aliingia ndani akavuta mlango, halafu akashusha kioo. "Wazee wa ukoo wamekaa. Mwanamke aliyetengwa na kanisa kwa ajili ya pombe hawezi kuachiwa boma la marehemu. Watakupa muda uvune ndizi zako. Mimi nimejaribu kukutetea."

Kisha akanichungulia dirishani. "Mama mdogo, ulitunza siri vizuri," akasema, akanipa mkate kupitia hapo. Niliupokea. Nilikuwa na njaa. Mama aliuchukua mkononi mwangu, akautupia kuku wa Magokoro, na nikalia kwa ajili ya mkate ule zaidi kuliko nilivyolilia kitu kingine chochote siku ile. Sikuelewa bado. Nilikuja kuelewa pole pole, kwa vipande, na kila kipande kilikuwa na siku yake.

Tulihamia Kiogoro, kwenye chumba cha kupanga chenye ukuta wa mabati. Mama alifulia watu nguo. Shule zilikuwepo, lakini karo ya wawili haikupatikana, na Kerubo hakurudi kufanya mtihani wake wa darasa la nane. Aliolewa bado ana sauti ya mtoto, na mtu aliyetaka msichana wa kumlindia duka. Hakuwahi kunilaumu. Akija kututembelea alikagua madaftari yangu ukurasa kwa ukurasa, hata yale ya masomo asiyoyafikia.

Na hopsi? Nilikuja kusikia. Baba Mkubwa alizipanda nyuma ya nyumba ya jamaa yake, mbali na macho ya Gesima, juu ya nguzo na waya. Ziliota zikashinda nguzo. Zilifunika waya zote, zikateremka upande wa pili, majani matupu. Hazikutoa hata kitunda kimoja, na kitunda ndicho kinachouzwa. Inasemekana mmea ule hudai mchana mrefu kuliko wetu, mchana wa nchi ambako jua huchelewa sana kutua wakati wa kiangazi, na hapa kwetu jua huja na kwenda kwa saa zile zile mwaka mzima. Rafiki yake wa Nairobi hakurudi tena. Akazing'oa akawapa mbuzi. Wala hakupoteza lolote. Alinunua shamba jingine, akajenga nyumba ya mawe kule bondeni, kando ya kijito, na mpaka leo ni mzee wa kanisa.

Nikiwa karibu kumaliza sekondari, Mama alianza kwenda kanisani Kiogoro. Aliketi benchi la nyuma na wageni. Mwaka mzima aliketi huko, akiimba bila kitabu kwa sababu alizijua nyimbo zote, na walipokula meza ya Bwana alitoka nje akasimama chini ya dirisha. Mwishowe aliomba kubatizwa tena. Mchungaji wa pale alikuwa mtu mwema. Alisema ni furaha kubwa, ila utaratibu ni kwamba kanisa lililomtoa liridhie, na mzee mmoja kutoka huko awepo, na Mama aikiri dhambi ile mbele ya waumini.

Aliyetumwa alikuwa Baba Mkubwa.

Alikuja na suti ya kijivu, amezeeka kidogo, amependeza. Tulikusanyika kando ya mto, na akina mama walikuwa tayari na mataulo. Mama alisimama ndani ya maji yaliyofika kiunoni, gauni limejaa hewa limemzunguka. Mchungaji alimkaribisha mgeni aulize.

"Dada yetu," alisema Baba Mkubwa kutoka ukingoni, kwa sauti ile ile, haikuzeeka hata kidogo, "je, unakiri kwamba ulipanda mmea wa pombe kwa kujua, na kwamba ulimsingizia mtu asiye na hatia?"

Nilitaka kupiga kelele. Nilikuwa mkubwa sasa, sikuwa na siri ya kutunza, na mdomo ulikuwa umeshafunguka. Mama aliniona. Aliinua kiganja kutoka majini, kidogo tu, maji yakichuruzika, kunizuia.

"Nakiri," alisema.

"Na unaomba msamaha?"

"Naomba."

Mchungaji akamzamisha. Alipoibuka, watu waliimba. Baba Mkubwa ndiye aliyemnyooshea mkono kumpandisha ukingoni, akamwambia, "Karibu nyumbani, mama," na Mama aliushika mkono ule kwa sababu tope lilikuwa na utelezi.

Tulipanda kilima wawili tu, mimi nikiwa nimebeba gauni lililolowa. Nilitembea nikilia kwa hasira. "Mama, kwa nini umekubali? Kwa nini umemwachia hata hilo?"

Alikuwa akijifuta nywele kwa ncha ya kitenge. Alimsalimu mama mmoja aliyekuwa akiteremka na mzigo wa kuni, akangoja apite.

"Nje kuna baridi, mwanangu," alisema.

Kisha akaniharakisha. Waumini walikuwa wametuandalia chakula kanisani, na hakutaka kuwangojesha, maana Baba Mkubwa ndiye aliyeombwa akiombee chakula hicho.